Waya wa Pili

Siku kumi na moja kabla ya harusi ya binti yake, mzee Étienne aliifunga amplifaya yake ndani ya blanketi, akaipakata kwenye kiti cha mbele cha teksi ya Probox, akasafiri nayo kutoka Arua mpaka Koboko kama mtu anayempeleka mgonjwa hospitali. Dereva alimshauri aiweke nyuma pamoja na magunia ya maharage. Étienne alimwangalia tu, na dereva hakurudia.

Ilikuwa amplifaya ya gita, ya zamani, ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani ya redio za kale. Jina la kiwandani lilishafutika, ikabaki herufi moja na nusu. Étienne aliinunua Bunia, Kongo, akiwa kijana, akapiga nayo rumba katika bendi tatu, na vita vilipomfukuza alivuka nayo mpaka akaingia Uganda na vitu vitatu: mke wake Scholastique, gita, na hiyo amplifaya. Sauti yake ilikuwa tamu, nene, yenye joto. Kasoro yake ilikuwa moja. Ilivuma.

Haukuwa mvumo mdogo. Ukiiwasha tu, kabla hujagusa uzi hata mmoja, ilianza kunguruma "mmmmm" na haikuacha mpaka uizime. Siku moja kwenye ibada ya ndoa Mvara, pale Arua, mhudumu wa kanisa alitoka nje kwenda kuwaomba wenye jenereta waisogeze mbali. Alizunguka jengo zima, asione jenereta yoyote.

Étienne alikuwa amezoea. Lakini Daniella, kitinda mimba wake, ambaye ni muuguzi Arua na anaolewa na mwalimu wa Ayivu aitwaye Drani, hakuwa amezoea. Jioni moja mezani alisema, kwa upole lakini bila kuzunguka, "Papa, siku ya harusi utapiga gita, na mimi nitafurahi. Lakini ile kitu inayonguruma iache nyumbani. DJ atakuja na spika zake."

Étienne aliacha nusu ya sombe yake, mboga ya majani ya mihogo, sahanani, jambo ambalo Scholastique hakuwahi kuliona katika miaka thelathini na tano ya ndoa.

Kesho yake alianza kutafuta fundi. Wa kwanza mjini Arua alimshauri atoe valvu zote na kuweka saketi mpya, ndogo kama kiganja. Wa pili alichungulia ndani, akacheka, akauliza kama inatumia makaa au kuni. Mwishowe mtunza vyombo wa kanisa ndiye aliyemwambia, "Koboko iko mama moja, Rosa Kiden. Yeye ndiye anatengeneza amplifaya ya misikiti na ya makanisa pale. Sijasikia mutu analalamika, Mwislamu wala Mkristo."

Basi ndiyo safari hiyo ya blanketi.

Karakana ya Rosa Kiden ilikuwa kwenye barabara iendayo Oraba mpakani, chumba kimoja kilichogawanywa kwa plaiwudi. Upande mmoja Rosa na spika zake, upande wa pili saluni ya Sumayah. Plaiwudi haikufika juu, kwa hiyo harufu ya risasi ya kulehemu iliingia saluni, na umbea wa saluni uliingia karakana. Rosa alikuwa Mkakwa mrefu, wa miaka arobaini hivi, miwani yake imefungwa kwa uzi shingoni. Alikuwa na tabia moja iliyowasumbua wateja: akiangalia kitu, hasemi. Unaweza kumsalimu mara tatu.

Aliigeuza amplifaya kifudifudi, akafungua skrubu, akaitoa fremu ya bati yenye mitambo. Étienne aliinama aone.

"Toa mkono, muzee," Rosa alisema, na hilo ndilo neno lake la kwanza kwa robo saa. "Hata kama umechomoa umeme, hizi kapasita zinaweka moto ndani. Zinaweza kukutupa mpaka barabarani."

Alichukua rezista nene iliyofungwa kwenye waya mrefu, akaigusisha kapasita moja baada ya nyingine, akapima kwa mita mpaka namba zikashuka karibu na sifuri. Muda wote huo mkono wake wa kushoto ulikuwa mgongoni.

"Huo mkono unaumwa?" Étienne aliuliza.

"Hapana. Naficha. Ukishika moto kwa mikono miwili, inapita kwa moyo."

Étienne naye akaweka mkono mmoja mgongoni, ingawa hakuwa anagusa chochote.

Rosa alifuata nyaya kwa ncha ya bisibisi. Kulikuwa na valvu tano, tatu ndogo na mbili kubwa, na kutoka kwenye transfoma ulitoka waya mmoja wa kijani uliopita kwa kila valvu, kama baiskeli inayosimama kila nyumba. Alipofika mwisho aligonga bati kwa bisibisi, akacheka kidogo.

"Nimeona. Muzee, valvu haiimbi ikiwa baridi. Ndani yake iko kawaya kadogo kanaitwa hita, ndiyo inaipasha moto. Ndiyo ile nyekundu unaona ikiwaka. Sasa umeme ya hita inakwenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde moja. Kwenda inapita hapa, kwa hii waya ya kijani. Kurudi inapita wapi?"

Étienne aliangalia. "Sioni waya wa kurudi."

"Haiko! Mwenye kuitengeneza alitumia waya moja tu. Kurudi, umeme inapita kwa bati. Na sauti ya gita yako pia iko kwa bati hiyo hiyo. Zinasukumana."

"Kama malori kwenye barabara yenu hii."

"Kama hiyo kabisa. Dawa yake ni waya wa pili. Kila hita ipate waya wa kwenda na waya wa kurudi, na hizo mbili zisokotwe pamoja, kaza kaza, hii moja inyamazishe mwenzake. Halafu tunazilaza kwa kona ya bati, mbali na nyaya za sauti."

Maneno hayo Étienne alishawahi kuyasikia, karibu neno kwa neno, miaka mingi nyuma. Aliuliza jambo moja tu: "Na sauti yake? Utamu wake utabaki?"

"Utamu haukai kwa hita," Rosa alimjibu. "Rudi Alhamisi."

Kazi ya kuondoa waya wa zamani haikumtesa Rosa. Kilichomtesa ni kusokota. Nyaya mpya alizozipata zilikuwa ngumu, na kila akizisokota zilijifungua, hapa zimekaza, pale zimelegea kama kamba ya kuanikia nguo. Alirudia mara nne. Sumayah, aliyekuwa amesimama mlangoni akitafuna karanga, alivumilia mpaka akachoka.

"Dada, hiyo ni twisti gani? Nikimsuka mutu hivyo, hatarudi hata kunisalimia."

"Basi shika wewe."

Sumayah alipangusa mikono kwenye khanga. Alifunga ncha mbili za nyaya kwenye kitasa cha mlango, akarudi nyuma hatua sita, akavuta mpaka zikanyooka, akaanza kuzisokota kwa viganja vyake, polepole, bila kulegeza hata mara moja. Mteja wake, aliyebaki ndani na nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama, alitoka kutazama. Dakika chache baadaye Rosa alikuwa na mita tatu za twisti safi, kila pindo sawa na mwenzake.

"Kwa hii nywele sisuki bure," Sumayah alisema.

"Nitakuletea samaki."

Rosa alizilaza zile nyaya kwenye kona ya bati na kuzishusha kwa kila valvu. Alikuwa amechora miguu ya valvu kwa chaki ukutani ili asikosee, maana ukihesabu kutoka juu unapata jibu moja na ukihesabu kutoka chini unapata jibu jingine, na fundi hufanya kazi chini. Valvu kubwa, mguu wa pili na wa saba. Valvu ndogo, mguu wa nne na wa tano pamoja, wa tisa peke yake. Alihesabu kwa sauti kila mara, mpaka upande wa pili wa plaiwudi wakaanza kuhesabu naye.

Alhamisi Étienne alifika mapema, amevaa shati la kupigia muziki. Gita lilikuwa mgongoni.

Rosa aliwasha. Yeye, Étienne na Sumayah waliinama. Kwanza hakukuwa na kitu, kisha, moja baada ya nyingine, valvu tano zilianza kuwa nyekundu kama makaa yanayopulizwa. Sumayah alipiga kigelegele kidogo. Rosa alitabasamu, na Étienne akaanza kulitoa gita kwenye mfuko.

Ndipo ikaanza. Ilikuwa "MMMMM" ya kutetemesha bisibisi mezani. Mkebe wa skrubu ulitembea wenyewe mpaka ukingoni. Ng'ambo ya barabara mtu alisimamisha pikipiki akaangalia tairi zake.

Rosa alizima.

"Zamani ilikuwa jenereta," Étienne alisema polepole. "Sasa ni trela."

Hakusema kwa ubaya, lakini Rosa alihisi uso wake umepata moto. Alivuta kiti, akaanza upya. Alipima kila mguu. Hita zote zilikuwa zinapata volti sita na kidogo, kama inavyotakiwa. Hakuna mguu aliokosea. Hakuna sehemu iliyolehemiwa vibaya. Nyaya zilikuwa nzuri kuliko alizowahi kuziona mahali popote. Mpaka mchana alikuwa bado anaangalia, miwani imeshuka puani. Étienne alikaa nje kwenye benchi la saluni, na wanawake waliokuwa wanasubiri zamu walimpa soda bila kumuuliza jambo.

Hatimaye Rosa alitoka. Alikuwa mtu asiyependa kusema alilolisema, lakini alilisema.

"Muzee, iko kitu hapa mimi sijui. Mimi nimesoma transista. Valvu nimejifunza mwenyewe, na nimefika mwisho wangu. Lakini iko mutu Oraba anajua. Ni Mkongo kama wewe, wakala wa kutoa mizigo forodhani. Analeta redio za madereva kwangu, na akikaa hapo anaongea habari ya valvu mpaka jua linashuka. Nimempigia, lakini simu za Oraba zinashika mtandao ya upande wa Kaya, Sudani Kusini. Hapatikani."

"Anaitwa nani?"

"Mzee Ruffin."

Étienne aliweka chupa ya soda chini. Kwa muda alifunga macho.

"Namjua," alisema. "Alikuwa mpiga besi wangu."

Akamweleza, pale pale kwenye benchi. Miaka kumi na minne iliyopita, walipokuwa na bendi yao Arua, Ruffin alimwambia kwamba mvumo ule unatoka kwenye hita, kwamba kuna waya mmoja haupo, na kwamba yeye anaweza kuuweka. Étienne alikataa, hakutaka mtu aiguse. Siku moja aliingia chumba cha mazoezi Mvara akamkuta Ruffin ameifungua, valvu zimetolewa na kupangwa juu ya kitambaa. Bila kuuliza alimwita mwizi. Alimwita hivyo mbele ya wapigaji wote, mbele ya kwaya iliyokuwa inasubiri zamu. Ruffin alirudisha valvu moja moja, akafunga skrubu zote, akaweka besi yake ukutani, akatoka. Hawakuonana tena.

"Na ulijua si mwizi?" Rosa aliuliza.

"Nilijua jioni ile ile, nilipohesabu valvu. Zilikuwa zote. Lakini jioni ilipita, na kesho yake ikapita, na baadaye nikaona muda umekuwa mrefu sana."

Rosa alifikiri kidogo. Kisha akaingia ndani, akachukua kofia yake ya pikipiki.

"Oraba siyo mbali," alisema.

Walikwenda kwa bodaboda mbili. Malori yalikuwa yamepanga foleni kuelekea mpakani, madereva wamelala chini ya trela zao, wabadilisha fedha wamekaa na mikoba tumboni. Ruffin walimkuta kwenye meza yake chini ya turubai, amezungukwa na madereva na karatasi, kalamu mbili sikioni. Alikuwa amenenepa. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini alikuwa bado anaandika na ulimi umetoka kidogo pembeni, na kwa hiyo Étienne alimtambua kutoka mbali.

Ruffin alimwona Rosa kwanza, akafurahi. Kisha akamwona aliye nyuma yake. Uso ulifungika kama duka.

"Mama Rosa, karibu," alisema. "Iko shida gani?"

Rosa alieleza yote: waya mmoja, bati, waya wa pili, twisti, na mvumo ulioongezeka. Ruffin alisikiliza bila kumtazama Étienne. Alipomaliza, alichana kipande cha karatasi, akachora mistari miwili inayopindana na visanduku viwili.

"Mlikata kamba ya mbuzi, mkasahau kumfunga tena. Zamani hita zilikuwa zimefungwa kwa bati kwa ule upande mmoja. Vibaya, lakini zimefungwa. Sasa mmezitoa kwa bati kabisa, zinaelea. Hazijui sifuri iko wapi. Weka rezista mbili za omu mia moja, zilingane sawasawa. Moja kutoka waya huu mpaka bati, nyingine kutoka waya ule mpaka bati. Basi." Akampa Rosa karatasi, akavuta fomu ya dereva aliyekuwa anangoja. "Nani anafuata?"

Rosa alishukuru. Walirudi mpaka kwenye bodaboda, Rosa akapanda, dereva wake akapiga stata. Étienne alikuwa ameshainua mguu. Akaushusha.

Alirudi peke yake mpaka kwenye meza. Hakuinama, wala hakunong'ona. Alisimama katikati ya madereva na kusema kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kutangaza wimbo unaofuata.

"Wakubwa, samahani. Mimi ninaitwa Étienne. Huyu mzee hapa, Ruffin, miaka kumi na nne iliyopita nilimwita mwizi mbele ya watu. Hakuiba kitu. Hajawahi kuiba kitu. Yeye alikuwa anatengeneza, na mimi nilikuwa mjinga. Nilimtukana mbele ya watu, kwa hiyo ninasema mbele ya watu. Ruffin, ndugu yangu, unisamehe."

Madereva waliangaliana. Mmoja, Msudani mrefu aliyekuwa na mswaki wa mti mdomoni, alianza kupiga makofi, na wengine, ambao hawakujua hata habari inahusu nini, wakamfuata. Mbadilisha fedha mmoja aliuliza kwa sauti, "Amemsamehe au bado?"

Ruffin alikuwa ameshika kalamu hewani. Aliinama akajifanya anatafuta mhuri. Aliutafuta kwa muda mrefu, ingawa ulikuwa mbele yake.

Aliponyanyuka alimuuliza Rosa, aliyekuwa amerudi kuona kinachoendelea, "Hizo rezista unazo? Zinalingana kweli, au zinalingana kwa maandishi tu?"

"Nitazipima."

"Wewe utazipima, na mimi nitaona." Akafunga faili lake, akamwita msaidizi wake wa ofisini, mwanamke aitwaye Jovia, akamwachia mhuri na malori matatu ya mtama. "Twende. Miaka kumi na nne nimeisubiri hii kitu, siwezi kuiona kwa karatasi."

Walipofika Koboko jua lilikuwa bado juu. Rosa alimwaga mkebe wa rezista mezani na wazee wawili wakasaidia kuzipima, mmoja akisoma mita, mwingine akibisha. Walipata mbili zilizolingana kabisa. Rosa alizilehemu, kila moja mguu mmoja kwenye waya, mguu mwingine kwenye bati. Moshi mwembamba ulipanda juu ya plaiwudi. Kisha akawasha.

Valvu zikawa nyekundu. Wakasubiri. Wakasubiri tena.

"Imekufa?" Sumayah aliuliza kutoka juu ya plaiwudi; alikuwa amepanda kwenye kiti.

Rosa alisogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Alisikia pumzi ndogo sana, kama ya mtoto aliyelala. Alimkabidhi Étienne waya wa gita.

Étienne alipiga uzi mmoja, uzi wa tatu. Sauti ilitoka safi, nene, ikajaa chumba, ikatoka mlangoni. Ilipoisha, iliisha kweli. Hakukuwa na chochote nyuma yake. Hakuwahi, maisha yake yote, kusikia sauti ya gita lake ikiisha.

Alipiga tena, akaiacha iishe tena. Mara ya tatu machozi yalikuwa yanamtoka na alikuwa anacheka. Ndipo akaanza sebene, sehemu ya rumba ya kuchezea, ile ya haraka ya vidole viwili, na wanawake wa saluni wakatoka kama walivyo, na vitana vichwani, wakacheza barabarani. Rosa Kiden, ambaye hakuna mtu Koboko aliyewahi kumwona akicheza, alicheza pale pale mezani kwake, bisibisi mkononi. Ruffin peke yake hakucheza. Alikuwa anatazama nyaya zilizosokotwa ndani ya bati, akitikisa kichwa.

"Nani amesuka hii?" aliuliza. Sumayah alinyoosha mkono kutoka barabarani, akapewa heshima yake.

Siku zilizobaki Ruffin alikuwa akitoka Oraba kila jioni kwenda Arua kufanya mazoezi. Vidole vyake vilikuwa laini kama vya askofu; siku ya pili vilitoka malengelenge. Scholastique aliwapikia na kuwagombeza wote wawili kwa zamu, huyu kwa kutukana, yule kwa kununa, na alipomaliza kugombeza aliwaongezea wali.

Jumamosi ya harusi ilikuwa na jua na upepo. Baada ya kanisa Mvara, watu walikwenda Ayivu nyumbani kwa wazazi wa Drani, ambako turubai zilikuwa zimefungwa kando ya shamba la mihogo. DJ alikuwa amepanga spika zake kama ukuta. Bendi ya wazee, yaani Étienne, Ruffin na wenzao wawili wa zamani wa gita la pili na ngoma, ilikaa pembeni, upande wa jikoni. Rosa na Sumayah walikuwa meza ya tatu, wamevaa vitenge vya kufanana.

Daniella aliketi na mumewe akitazama huku na huku. Alimwona baba yake na gita. Aliiona amplifaya chini ya kitambaa cha meza alichofunikia Scholastique ili vumbi lisiingie. Alisikiliza. Hakusikia kitu. Taratibu uso wake ulibadilika, na ghafla akainuka, akakusanya gauni lake jeupe kwa mikono miwili, akapita katikati ya wageni mpaka alipo baba yake. Alichuchumaa mbele yake, gauni likaingia vumbini.

"Papa," alisema, "umeizima? Nilisema vibaya siku ile. Nisamehe. Iwashe tu, ingurume. Ni yako, imenilea. Harusi yangu bila hiyo si harusi."

"Iko inawaka," Étienne alisema.

"Haiko."

"Daniella. Iko inawaka tangu ulipokaa."

Hakuamini. Aliinua kitambaa akachungulia kwa nyuma, akaona taa tano nyekundu zimetulia kwenye giza. Alimtazama baba yake, akamtazama mzee mnene mwenye besi asiyemjua, akamtazama tena baba yake.

"Huyu ni Ruffin," Étienne alisema. "Ulikuwa mtoto. Ni rafiki yangu."

"Karibu, papa Ruffin," Daniella alisema, na kwa sababu ya gauni hakuweza kuinuka mwenyewe, ikabidi wazee wote wawili wamvute.

Walianza na wimbo wa taratibu. DJ, ambaye alikuwa amewapa wazee nyimbo mbili tu, aliwaacha wakapiga nane. Bibi wa Drani, Mlugbara wa miaka themanini na kitu asiyejua neno la Kilingala, alitoka kwenye mkeka wake akacheza kwa fimbo, na vijana wakamzunguka. Katika wimbo wa sita Ruffin alipotea njia kabisa, akaanza kupiga wimbo mwingine, na Étienne, badala ya kumkazia macho kama zamani, aliuacha wake akamfuata.

Wimbo wa nane haukuhitaji gita la kwanza. Étienne alilivua, akaliegemeza kwenye kiti, akavuka uwanja mpaka kwa binti yake, akainama kama vijana wa Bunia walivyokuwa wakiinama. Daniella alimpa mkono. Walicheza pale kati ya meza na mihogo, vumbi limefika magotini, na Scholastique akapita akiwa na sinia la nyama, akasimama kuwatazama, akasahau alikuwa anaipeleka wapi.